Kabla hujalipia shamba, jua kwanza "heka" ni nini

Kitu cha kwanza kabisa, muulize muuzaji anaposema heka anamaanisha ekari au hekta, maana mtaani tukisema heka tunamaanisha ekari ila ukifika kwenye karatasi unakuta hekta au skwea mita, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu (2.47 kama unataka kamili). Ekari moja ni skwea mita 4,047, hekta ni 10,000. Mimi kichwani nagawanya skwea mita kwa 4,000 basi, inakosea kidogo sana.

Halafu hatua. Hapa ndo watu wanapigwa. Tunaambiwa ekari ni hatua 70 kwa 70 na ni kweli, ila hiyo hatua inatakiwa iwe yadi moja, yaani sentimita 91 hivi, ukipiga hesabu inakuja kama mita 64 kwa 64. Sasa dalali aliyenipimia mimi alikuwa anatembea kama anaenda msibani, nimekuja kurudi na futi kamba hatua yake ni sentimita 75, kwa hiyo upande ni mita 52 na nusu, zidisha mara yenyewe unapata 2,756. Hiyo ni kama robo tatu ya ekari na haifiki hata! Kwa bei ya milioni 2 kwa heka nililipia laki sita na kitu ya hewa. Kwa hiyo kabla ya kwenda shamba tembea hatua 20 nyumbani, pima kwa futi kamba, gawanya kwa 20, hiyo namba iandike kwenye simu, na siku ya kupima tembea wewe.

Kama vipimo vimeandikwa kwa futi kuwa makini zaidi. Futi kwenda mita unagawanya kwa 3.28, lakini hiyo ni ya urefu tu, eneo lina pande mbili kwa hiyo unagawanya mara mbili (au kwa 10.76 mara moja). Mfano futi 150 kwa 90 ni skwea futi 13,500, ukigawanya kwa 3.28 mara moja tu unapata 4,116 unafurahi kabisa kwamba ni ekari, kumbe jibu ni skwea mita 1,255, hata theluthi ya ekari hamna. Ukiona unajichanganya badilisha kila upande uwe mita kwanza, ndo uzidishe.

Shamba likiwa limepinda usizidishe urefu kwa upana, likate pembetatu au zunguka mpaka na GPS ya simu.

Na bei ikikubaliwa, kwenye mkataba iandikwe skwea mita, sio heka. Muuzaji akikataa hilo mimi narudi zangu nyumbani.