Kupima kaboni kwenye maji ya chini ya visiwa vya Okavango

Delta ya Okavango, Botswana, hupokea maji laini kutoka nyanda za juu za Angola. Chumvi yake ni makumi machache tu ya miligramu kwa lita. Maji hayo hayafiki baharini. Karibu yote huishia hewani, kwa jua na kwa miti, na miti yenye kiu kubwa imekaa kwenye kingo za visiwa: mikindu, mikuyu na jamaa zao. Maji huvutwa kutoka kinamasini kuelekea chini ya kisiwa, mizizi inakunywa maji na kuacha chumvi. Chokaa ndiyo hutangulia kuganda mchangani, pale ukingoni. Sodiamu na baikaboneti (kaboni iliyoyeyuka majini kama chumvi) husonga mbele hadi katikati, ambako ardhi ni nyeupe kwa magadi, ya ukoo mmoja na yale yanayolainisha maharage yetu. Kwa mwendo wa hatua mia mbili hivi kemia imegeuka kabisa, kwa hiyo mbinu inayofaa ukingoni itakudanganya katikati.

1. Mabomba. Panga mabomba matano kwenye mstari mmoja: moja kwenye ukingo wa maji, mawili chini ya miti, moja mpakani mwa nyasi za chumvi, moja katikati. Bomba la plastiki la milimita 50 linatosha, likiwa na matundu kwenye nusu mita ya chini tu. Ukitoboa bomba zima utachanganya maji ya tabaka tofauti na hutajua umepima nini. Zungushia matundu mchanga safi, juu yake ziba kwa bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa. Mdomo ukae usawa wa ardhi na ufunikwe, maana tembo huling'oa bomba lililosimama.

2. Kutoa maji yaliyolala. Bomba lenye maji ya kina cha mita 2 lina kama lita 4. Toa mara tatu yake, lita 12, kwa pampu ndogo ya mpira, chini ya mililita 300 kwa dakika. Bomba linalojaa polepole usilikaushe. Subiri upitishaji umeme utulie ndani ya asilimia 3 na pH (kipimo cha uasidi) ndani ya 0.1 kwa vipimo vitatu mfululizo. Usitumie kopo la kuchotea. Tazama mpira karibu na pampu: ukiona vipovu vidogo kama vya soda, hewa ya ukaa inatoka majini. Punguza kasi.

3. pH, pale pale. Pima ndani ya kikombe kilichofunikwa, maji yakipita bila kugusa hewa. Mizizi hujaza maji ya ukingoni hewa ya ukaa kwa kiasi kikubwa kuliko kilichopo angani, na hutoroka mara tu maji yanapoona jua. Hasara yake ni hii: tuseme ualkali (uwezo wa maji kumeza asidi, unaohesabiwa kwa milikwivalenti) ni milikwivalenti 6 kwa lita, karibu wote ukiwa baikaboneti, na pH halisi ni 6.6. Hewa ya ukaa iliyoyeyuka ni 6 × 10^(6.35−6.6), ambapo 6.35 ni namba isiyobadilika ya asidi ya kaboni, yaani milimoli 3.4 kwa lita; ukijumlisha na baikaboneti 6, jumla ya kaboni ni 9.4. Ukichelewa na kusoma 7.6, hesabu inakupa 6.3. Theluthi ya kaboni imepotea kwenye daftari lako bila mtu kukosea hata namba moja. Katikati ya kisiwa rekebisha kifaa kwa bafa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) za 7 na 10, na ujue kwamba pH ikipita 10 kwenye sodiamu nyingi, elektrodi ya kioo husoma chini ya ukweli.

4. Chupa ya jumla ya kaboni. Chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45 kilichofungwa moja kwa moja kwenye mpira. Ingiza mpira hadi chini ya chupa ya kioo, acha maji yafurike mara mbili ya ujazo wake, funga bila kipovu, weka gizani kwenye nyuzi 4. Utando mweupe ukutani mwa chupa ni chokaa iliyoganda: kila milimoli yake imebeba milimoli 1 ya kaboni na milikwivalenti 2 za ualkali.

5. Taitresheni. Hapa unapima ualkali kwa kutia asidi kidogo kidogo. Kutoroka kwa hewa ya ukaa hakubadilishi ualkali, kwa hiyo hii inaweza kungoja hadi jioni kambini, mradi chokaa haijaganda. Ukingoni: mililita 50 za maji, asidi ya hidrokloriki ya 0.1 N (milikwivalenti 100 kwa lita). Katikati: mililita 5 tu, ongeza maji yaliyotoneshwa hadi 50, na tia asidi polepole kwa sababu hufoka. Rangi ya metili chungwa, ile inayobadilika asidi ikizidi, haina maana kwenye maji ya rangi ya chai ya rangi. Andika pH kila baada ya mililita 0.2 hadi ifike 3, kisha chora (V₀+V) × 10^(−pH) dhidi ya V; V₀ ni ujazo wa maji ulioanza nao, V ni asidi uliyotia. Mstari unapokata sifuri ndipo penye jibu. Mstari ukipinda, asidi za mboji bado zinapokea hidrojeni. Hapo usigeuze ualkali wote kuwa baikaboneti: ndani yake mna mboji na, pH ikizidi 9, mna silika pia. Jumla ya kaboni ya katikati ipimwe kutoka chupa ya hatua ya 4, isihesabiwe.

6. Kaboni ya mabaki ya mimea. Tumia vichujio vya nyuzi za kioo na chupa za kahawia, vyote vikiwa vimechomwa nyuzi 450 kwa saa 4. Sampuli za ukingoni tia asidi hadi pH 2. Za katikati usitie: mboji itaganda kama mashapo ya kahawa na utapima maji yaliyobaki juu. Ziweke kwenye baridi na gizani, zipimwe haraka.

7. Kukagua. Gawanya ualkali kwa kloridi kwa kila bomba. Kukauka peke yake hakubadilishi uwiano huo. Ukishuka pamoja na kalisiamu, ni chokaa inayoganda ardhini. Ukishuka bomba moja tu huku majirani wake wako sawa, rudi kaangalie ukuta wa chupa.