Somo: Kuotesha ua la mwezi, mmea wa kutambaa unaochanua usiku

Leo wanabustani tunaotesha kitu kisicholiwa. Ua la mwezi, kwa jina la kitaalamu Ipomoea alba, ni mmea wa kutambaa wenye asili ya nchi za joto za Amerika, tena ni ndugu wa kiazi kitamu. Ukiutazama mchana utadhani ni tembele lililonenepa. Jioni ndipo unapojitambulisha: ua jeupe la upana wa sentimita 10 hadi 15, lenye harufu nzuri, linafunguka giza likiingia, na asubuhi jua likishapanda linakuwa limenyauka. Kila ua lina usiku wake mmoja tu, lakini mmea uliokomaa una matumba mengi ya kupokezana.

Niseme mapema kwamba huku kwetu Arusha na Kilimanjaro mmea huu hauhitaji kubembelezwa. Udongo wetu ni wa volkano, mvua tunapata mara mbili kwa mwaka, na samadi haikosekani. Wengi wanaokosa maua wameushibisha mno.

Tuanze na mbegu. Ganda lake ni gumu na maji hayapenyi kirahisi, kwa hiyo ukiifukia hivi hivi inaweza kukaa ardhini muda mrefu bila dalili yoyote. Chukua msasa au kikatio cha kucha, kwangua upande mmoja mpaka uone weupe wa ndani, kisha acha. Usiguse penye kovu dogo, maana mzizi hutokea hapo. Loweka usiku kucha kwenye maji ya uvuguvugu. Asubuhi zilizovimba ziko tayari. Ambayo haijabadilika ikwangue tena uirudishe majini. Mbegu hizi zina sumu, kwa hiyo bakuli lisiachwe mahali watoto wanapofika.

Fukia kina cha sentimita 1 hadi 2. Mizizi yake haipendi kusumbuliwa, hivyo otesha palepale mmea utakapokaa, au tengeneza vikopo vya gome la mgomba ili siku ya kuhamisha ufukie mche na kikopo chake. Kukiwa na joto huota ndani ya wiki moja au mbili. Majani mawili ya kwanza hutoka yamepasuka sana katikati. Ndivyo yalivyo, hayajaliwa na panzi.

Kuhusu majira: Moshi mjini kuna joto la kutosha, ukiwa na maji utaotesha karibu wakati wowote. Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, pamoja na ninyi wa juu mlimani, Marangu na Kibosho, kwepeni Juni na Julai, kwa sababu mbegu huoza kwenye ubaridi. Mimi napendelea Oktoba, joto limerudi na vuli iko njiani.

Mahali pawe na jua la saa 6 kwa siku au zaidi, na pawe karibu na mnapokaa jioni: barazani, au chini ya dirisha la sebule. Ukiupanda nyuma ya banda la kuku, basi umewaoteshea kuku. Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la migomba na kahawa, usiupeleke kabisa, utapanda juu ya mibuni na kuifunika. Hata masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka, yaacheni. Ni kweli yanapendeza kuegemeza mmea, ila baada ya miezi michache masale hayaonekani na jirani anakuja kugonga geti.

Mmea huu hupanda kwa kujizungusha, haushiki ukuta mtupu. Upe kamba za katani, waya au fito nyembamba, na nguzo ya kuvibeba iwe imara. Mita 5 kwenda juu si ajabu, na majani yakilowa mvua ya masika yanakuwa mazito.

Chakula sasa. Koleo moja la samadi iliyooza vizuri wakati wa kuchimba shimo linatosha. Mbolea za dukani kama urea na CAN msithubutu, maana nitrojeni ikizidi mnavuna majani. Maji upe wakati wa kiangazi udongo unapokauka.

Tumba lililofika siku yake utalijua tangu mchana: limerefuka, jeupe, limejisokota mithili ya mwavuli uliofungwa. Kuanzia saa 12:30 jioni sogeza kiti. Kwanza tumba linatikisika kidogo ingawa hakuna upepo. Mkunjo mmoja unaachia, kisha yote inafunguka kwa mkupuo, mara nyingi ndani ya dakika moja au mbili, na katikati ya ua utaona mistari mitano ya kijani hafifu imechora nyota. Wenye bahati watawaona nondo wakubwa wenye mrija mrefu wakielea mbele ya ua bila kutua. Zimeni taa ya nje kwa muda huo, taa huwapoteza.

MASWALI

Swali (Njiro): Mwalimu, wangu una miezi mitano, umefika darini, ua hata moja sijaliona. Nimeupanda kando ya shimo la samadi. Tatizo nini?

Jibu: Dada, jibu umeliandika mwenyewe. Huo hautahama, kwa hiyo chukua mbegu nyingine uanze upya mbali na shimo, kwenye jua. Uliopo usiuongezee chochote.

Swali (Majengo, Moshi): Mama mkwe amekataa. Anasema mmea unaonukia usiku unaita nyoka.

Jibu: Mfikishie mama shikamoo yangu. Nyoka hafuati harufu ya ua, anafuata panya na vyura, na anapenda mahali pa kujificha. Kwa hiyo hofu yake ina msingi kama shina limefunikwa na majani mpaka chini. Pogoa sentimita 40 za chini, fagia majani makavu, paonekane. Akiona pako wazi huenda akalegeza.

Swali (Sakina): Ndiyo lile la matarumbeta yanayoning'inia getini kwa watu?

Jibu: Hapana. Hilo ni Brugmansia, kichaka kinachosimama chenyewe, maua yake yanatazama chini na mmea mzima ni sumu kali. Letu linatambaa na ua linatazama mbele. Hata hivyo, kwa jinsi linavyofanana na tembele, mwambieni anayepika asichume majani yake.

Swali (Usa River): Sina mbegu, jirani anao mmea. Kipande kitaota?

Jibu: Kitaota. Kata chenye vifundo vitatu, fukia viwili, weka kivulini na unyevu. Utomvu mweupe utakaotoka unanata, ujihadhari na nguo. Watu wa Meksiko ya kale, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, walichanganya maji ya mmea huu na utomvu wa mti wa mpira wakapata mipira ya kuchezea inayodunda vizuri.

Swali (Himo): Kuna kiwavi mkubwa, mnene kama kidole, ana pembe mkiani. Anamaliza majani. Nipige dawa gani?

Jibu: Usipige dawa, kaka. Mara nyingi huyo ni mtoto wa nondo yuleyule mnayemsubiri jioni, anayeitwa Agrius convolvuli, na hula jamii yote ya viazi vitamu. Mtoe kwa mkono. Rangi yake inafanana na jani, kwa hiyo usianze kwa kumtafuta yeye: angalia chini kwanza, utaona mavi yake meusi, punje kubwa kubwa, naye yuko juu ya hapo. Kama una matuta ya viazi karibu, kagua na huko siku hiyohiyo.