Namna ya Kuufikisha Utafiti wa Sheria Bungeni: Mwongozo kwa Wahadhiri

Mhadhiri wa sheria anayetaka kuona sheria kandamizi ikibadilishwa aanze kwa kuchagua kifungu mahususi, kwa kuwa Bunge hurekebisha vifungu, na lawama ya jumla dhidi ya mfumo mzima haimpi mbunge pa kushika. Kifungu hicho kitafute kwa watu kabla ya kukitafuta vitabuni, na hapo kituo cha msaada wa kisheria cha kitivo chako kina thamani kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Tanzania Bara, kwa mfano, inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Mjane akikuletea muhtasari wa shauri la shamba lake, usiishie kusoma uamuzi: hesabu majina ya wajumbe, angalia wanawake ni wangapi, kisha muulize kama walizungumza au waliketi tu. Mihtasari ya namna hiyo ikikusanywa kutoka vijiji kadhaa, kwa ridhaa ya wenyewe na majina yao yakiwa yamefichwa, huwa ushahidi ambao kamati ya Bunge haiwezi kuupuuza kirahisi.

Historia yetu inaonyesha kwamba ushahidi peke yake hautoshi. Mwaka 1991 iliundwa Tume ya Rais ya Kuchunguza Masuala ya Ardhi chini ya uenyekiti wa Profesa Issa Shivji wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tume ilifanya mikutano ya hadhara, ikasikiliza malalamiko ya wananchi, na mwaka 1992 ikapendekeza kwamba milki ya msingi ya ardhi, yaani umiliki wa juu kabisa ambao haki nyingine zote za ardhi hutokana nao, iondolewe mikononi mwa Rais, ardhi ya vijiji ikabidhiwe mikutano mikuu ya vijiji. Serikali haikukubali. Kazi ya kuandika rasimu ya muswada alipewa Profesa Patrick McAuslan kutoka Uingereza, aliyewahi kuwa miongoni mwa walimu wa mwanzo wa kitivo cha sheria cha chuo hichohicho, na sheria mbili za mwaka 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, ziliiacha ardhi yote kuwa mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Uamuzi ulikuwa wa kisiasa, lakini naamini pia kwamba aliyeshika kalamu ya rasimu huamua mengi ambayo mwandishi wa ripoti hawezi tena kuyagusa.

Kwa hiyo usikabidhi mapendekezo matupu. Andaa jedwali lenye safu tatu: maneno ya kifungu kilivyo sasa, maneno unayoyapendekeza, na sababu zake kwa sentensi mbili au tatu. Mbunge akilipata anaweza kulitumia kuandaa jedwali lake la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko anayotaka yafanywe kwenye muswada, bila kutafuta mtu wa kumfasiria makala yako. Liandike kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kinachotumika katika mijadala ya bungeni, na tangu mwaka 2021 ndicho lugha ya sheria za Tanzania.

Angalia pia muda. Muswada ukishachapishwa katika Gazeti la Serikali, Baraza la Mawaziri limekwisha kuamua mambo makubwa, na mwaliko wa kamati kwa wadau unaweza kukufikia zikiwa zimebaki siku chache. Wasilisha maoni yako mapema wizarani na kwa Tume ya Kurekebisha Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1980, kisha uyapeleke tena kwenye kamati.

Ukiteuliwa kuwa mjumbe wa tume, uliza kwanza kama ripoti itatolewa kwa umma. Ripoti ya Tume ya Ardhi ilichapishwa mwaka 1994, na ndiyo maana mwanafunzi wa leo anaweza kuyasoma mapendekezo yaliyokataliwa sambamba na sheria iliyopitishwa. Sharti hilo liandike katika barua yako ya kukubali uteuzi.