Kupamba biskuti kwa krimu ya siagi kwenye baridi ya Mbeya

Juni na Julai hapa Uyole siagi inakuwa ngumu kama sabuni ya mche. Usiiyeyushe motoni, maana ikishakuwa mafuta krimu haishiki tena. Mimi naikata vipande, naweka bakuli karibu na jiko la mkaa, si juu yake, mpaka nikibonyeza kidole kiache shimo.

Piga gramu 250 za siagi peke yake hadi ipauke, kisha ongeza gramu 500 za aising shuga (sukari laini ya unga) kidogo kidogo, na maziwa kijiko kimoja au viwili. Aising chekecha, tafadhali. Bonge moja tu linaziba nozo, yaani kile kimdomo cha mfuko wa kukamulia krimu, na mfuko unapasuka mkononi. Yalinikuta usiku wa kuamkia kipaimara, biskuti 60 zikinisubiri mezani.

Biskuti zipoe kabisa.

Kwa ua la waridi tumia nozo ya nyota. Shika mfuko wima, nozo ikae juu kidogo ya biskuti bila kuigusa. Anzia katikati, zungusha kuelekea nje. Mkono wa juu unakamua, wa chini unaongoza tu. Ukimaliza, acha kukamua kwanza ndipo uinue, la sivyo ua linabaki na mkia. Kingo zikichanikachanika, krimu ni kavu: ongeza matone ya maziwa.

Mzigo wa Kyela naugandisha kwenye friji usiku kucha na kuusafirisha alfajiri. Joto la kule chini linalegeza maua yote.