Gari linakunywa mafuta? Pima kwanza

Usiamini mshale wa tangi. Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, na mhudumu asiongeze hata tone. Andika kilomita. Baada ya kilomita 300 hivi, rudi kwenye pampu ile ile, ujaze vivyo hivyo, kisha gawanya kilomita kwa lita zilizoingia mara hii ya pili: 300 kwa 25 ni kilomita 12 kwa lita.

Namba ikishuka, anza na upepo wa tairi, asubuhi kabla hazijapata moto. Kipimo kimeandikwa kwenye kibandiko mlangoni mwa dereva. Usimwachie kijana wa upepo akisie. Kisha kagua kichujio cha hewa na plagi za injini.

Breki inayokwama husahaulika sana. Ukishuka, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko wenzake, pedi hairudi. Thamostati, yaani vali ya maji ya kupoza injini, ikikwama wazi nayo huacha injini baridi, na kompyuta ya gari huzidisha petroli.

Foleni ya Mombasa Road, Nairobi, haina fundi: injini ya cc 1500 ikinguruma tu humaliza karibu lita moja kwa saa, kiyoyozi kikiwa kimewashwa.