Kugawana gharama za mzazi mzee bila kumwonea mtu

Sisi ni ndugu wanne, na mimi ndiye ninayeshika daftari la mchango wa Mama. Anaishi Langoni, Lamu, ghorofani katika nyumba ya mawe. Tangu apate kiharusi, upande wa kulia hauna nguvu. Majirani wenye wazazi wa hali hiyo huniuliza tunagawanaje. Hivi ndivyo tunavyofanya, na naamini ndivyo inavyopaswa.

Kabla ya kutaja pesa, andikeni kazi. Dada yetu mkubwa ndiye anayelala chumba kimoja na Mama. Usiku humgeuza kila baada ya saa mbili asipate vidonda vya mgongoni. Akimlisha uji humwinamisha kidevu kidogo kila anapomeza, asije akapaliwa. Zamani alikuwa akikaanga mahamri na kuuza asubuhi. Biashara hiyo imekufa. Familia nyingi humwambia mtu kama huyu "Mungu atakulipa", kisha humdai mchango sawa na wengine. Huo ni uonevu. Ulizeni mtaani mtu wa kukaa na mgonjwa analipwa kiasi gani, na kiasi hicho kiwe mstari wa kwanza wa bajeti. Dada hachangi. Hulipwa mwanzo wa mwezi, kabla hata ya pampasi na dawa za presha.

Pili, angalieni haki za mzazi mwenyewe. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee atunzwe na familia na serikali pia, kwa hiyo msione haya kwenda kwa chifu kumwandikisha Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, akishatimiza miaka 70. Ni shilingi 2,000 kwa mwezi. Pesa hizo ni zake, aulizwe. Mama alisema elfu moja iingie kwenye matumizi, nyingine abaki nayo ya wajukuu na ya sadaka ya Ijumaa. Mwandikisheni SHA, bima ya afya ya serikali, kwa jina lake pia. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ila asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo, basi itengeni mapema.

Sasa gharama zinazobaki. Tuseme ni 27,000, na wachangaji ni watatu: mmoja anapata 80,000, wa pili 40,000, wa tatu 15,000. Mkigawa sawa kwa sawa kila mtu atatoa 9,000, na yule wa tatu watoto wake watalala njaa. Kwanza kila mmoja aachiwe 10,000 za nyumbani kwake zisiguswe. Zinabaki 70,000, 30,000 na 5,000, jumla 105,000. Gawanyeni 27,000 kwa uwiano huo: wa kwanza atatoa 18,000, wa pili kama 7,700, wa tatu kama 1,300. Kaka yetu wa Mombasa alinung'unika mwanzoni. Alipoona hesabu imeandikwa wazi, na kipato changu cha ualimu kimewekwa mezani kama chake, alikubali.

Mvuvi mhesabieni kwa mwaka. Mdogo wetu yuko Shela. Kusi likivuma bahari huchafuka na kipato chake hushuka vibaya. Yeye hutoa zaidi wakati wa kaskazi, na ziada yake huwekwa akiba ya miezi migumu.

Mtu asiseme zaka yake ndiyo mchango wake. Kumlisha mzazi asiyejiweza ni wajibu wa mtoto, na zaka haiendi kwa mtu ambaye tayari ni juu yako kumlisha. Zaka ipelekeni kwa mzee wa jirani asiye na mtoto. Wako wengi, na hao ndio hasa wanaoitegemea serikali na msikiti.

Wekeni pia fungu la dharura. Mgonjwa wetu hushushwa ngazi kwa kiti, akabebwa vichochoroni hadi ufukweni, boti mpaka Mokowe upande wa bara, halafu gari. Usiku wa namna hiyo si wa kuanza kupigiana simu kutafuta pesa. Atakayelipa zaidi ya fungu lake aandike palepale kama ni mkopo au ni hisani, maana deni la marehemu hulipwa kabla ya kugawa mirathi, na ugomvi wa ndugu huanzia kwenye yale yasiyoandikwa.

Risiti zote napiga picha na kuzituma kwenye kundi letu la WhatsApp. Kila Shaaban, kabla ya mfungo, tunakaa na kupanga mafungu upya.

Na dada apumzike. Kila mwaka huenda kwa binti yake Malindi. Nauli inatoka kwenye mfuko. Wake zetu hushika zamu yake kwa kupokezana, nao hulipwa kiwango kilekile alicholipwa yeye.