Moto Ukishapita Malishoni, Ng'ombe Wasirudi Haraka

Kila msimu wa kiangazi, kabla vuli haijashuka, nyasi za Longido, Monduli na Siha huwa zimekauka kiasi kwamba cheche ya mrina asali au mchoma mkaa inamaliza malisho ya kijiji kizima kwa alasiri moja. Moto ukishazimwa, wafugaji huniuliza wapande nyasi gani. Mimi huuliza kwanza: ng'ombe wako wapi sasa hivi? Mara nyingi wako palepale kwenye majivu, wanang'ata chipukizi.

Tuanze na mifugo yenyewe. Mpe kila mnyama maji safi na kivuli, kisha mkague mmoja mmoja. Mahali pa kutazama sana ni pale ukwato unapoungana na ngozi. Ng'ombe aliyekanyaga moto anaweza kutembea vizuri siku ya kwanza, halafu baada ya wiki moja au mbili ukwato ukaanza kubanduka. Kwa hiyo rudia ukaguzi kwa wiki mbili mfululizo. Shika pia kiwele: chuchu zilizoungua huziba, na ndama hufa njaa mama yake akiwa na maziwa. Ndama kama huyo mhamishie kwa ng'ombe mwingine au mnyweshe kwa chupa. Jeraha bichi limwagie maji ya baridi. Usipake mafuta ya mnyama, majivu wala dawa ya meno. Mwite daktari wa mifugo. Aliyevuta moshi mwingi atakohoa kwa wiki kadhaa, msimswage safari ndefu. Na aliyechomwa sindano ya antibiotiki asichinjwe kabla siku alizotaja daktari hazijaisha, hata kama mchuuzi amesimama mlangoni na pesa mkononi.

Hesabu ya chakula ndiyo inayowashtua watu. Ng'ombe wa asili mwenye kilo 250 anahitaji takriban kilo 6 za chakula kikavu kwa siku. Ng'ombe 20 kwa miezi miwili ni kilo 7,200, sawa na marobota 480 ya hei, yaani nyasi kavu zilizofungwa, ya kilo 15 kila moja. Nani ana marobota 480? Ndiyo maana nasema uzeni mapema, wakiwa bado na nyama mgongoni: maksai, madume ya ziada na majike yaliyozeeka yapelekwe kwenye minada ya Meserani au Weruweru. Baki na mitamba na wanaokamuliwa. Najua kwa mzee wa boma kupunguza kundi ni maumivu, lakini ng'ombe aliyeuzwa akiwa mnene ananunua hei ya wenzake waliobaki.

Mabua ya mahindi kutoka Hai na Arumeru yanafaa sana, hasa ukiyakatakata na kuyanyunyizia molasi ya kiwanda cha sukari cha TPC, lita 1 kwa maji lita 2 au 3. Migomba ya Machame ipokee, ila ujue sehemu yake kubwa ni maji. Inakata kiu kuliko inavyoshibisha. Urea ya kuongeza kwenye chakula usiiguse bila vipimo vya mtaalamu, inaua.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Moto uliozuka Texas, Marekani, Februari 2024 uliunguza zaidi ya ekari 1,000,000, na wafugaji wa mbali wakapeleka hei kwa malori. Msaada wa namna hiyo ni mzuri, lakini hei husafiri na magugu. Huku kwetu tunalo gugu karoti, ambalo tayari limetapakaa pembezoni mwa barabara za Arusha. Huharibu ladha ya maziwa na kuwasha ngozi ya anayeling'oa. Lishia hei sehemu moja tu karibu na boma, kisha baada ya mvua ng'oa kila kinachoota hapo usichokijua, ukiwa umevaa glavu.

Sasa ardhi yenyewe. Nyasi za kudumu kwa kawaida haziuawi na moto mmoja. Chimba shina, lipasue: likiwa jeupe na lenye unyevu ndani, lipo hai, na halihitaji mbegu, linahitaji kuachwa. Chipukizi la kwanza hulipwa na akiba iliyo mizizini. Ng'ombe akilikata mara mbili tatu, akiba inaisha na ardhi inabaki wazi. Moto wa Septemba maana yake ni kupumzisha eneo hilo vuli yote na masika yote, mpaka nyasi zitoe mbegu. Kama hali inabana sana, pima hivi: shika fungu la nyasi ulivute. Likitoka na mizizi, bado.

Zipo sababu mbili zaidi za kutorudisha ng'ombe haraka. Nyasi fupi humfanya ng'ombe ale pamoja na udongo, na udongo wa kanda hii una vijidudu vya kimeta. Chanja, na mzoga usioeleweka usiupasue. Pia majani mabichi huita nyumbu, na ndama wao wa kati ya Januari na Machi ndio wanaosambaza ugonjwa wa nyumbu, ambao huua ng'ombe na hauna tiba.

Palipobaki wazi kabisa, chimbeni makingamaji ya nusu mwezi, yaani vishimo vya umbo hilo vya kushika maji, kabla ya mvua, mkamwage humo mbegu za nyasi mlizokusanya kwenye alalili (malisho yaliyotengwa kwa akiba) ya jirani. Migunga iliyoungua itachipua yenyewe. Acheni machipukizi mawili au matatu kwa kila kisiki.

Kuhusu msaada: piga picha mizoga pamoja na namba za hereni za masikioni kabla ya kufukia, orodhesha hasara, upate sahihi ya mtendaji wa kijiji mapema. Namba ya Zimamoto ni 114. Njia za kuzuia moto zifyekwe Juni, mita 5 hadi 10 kuzunguka alalili, halafu mbuzi wapitishwe humo kila wiki wamalizie kilichobaki.